Mkanda Nilioufungua Juani

Kondoa Mjini,
Mkoa wa Dodoma.
21 Agosti, 1994.

Mpendwa Shangazi Jaha,

Shikamoo, na asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na wajukuu, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi. Sisi huku hatujambo. Upepo wa mwezi huu umekuja na vumbi lake, tunalila pamoja na ugali. Baba anakohoa kidogo, ila chai bado anaitaka yenye tangawizi ya kuunguza koo.

Kamera uliyoniletea kutoka Maskati bado nzima. Naifunga kwa kanga, na lenzi naifuta kwa kitambaa cha pamba tu, kama ulivyonifundisha. Nasema haya kwa sababu najua umeambiwa nimeacha kupiga picha. Sikuacha, Shangazi. Niliachishwa, na leo nakueleza nani aliyeniachisha na nimemfanya nini.

Zamani picha zangu za nyeusi na nyeupe nilikuwa nazisafisha mwenyewe stoo. Siku hizi maduka yamejaa mikanda ya rangi, na watu hawataki tena nyeusi na nyeupe, wanasema wanaonekana kama marehemu. Rangi siiwezi nyumbani. Nikawa nampelekea Swalihu, mwenye mashine ya kusafishia picha za rangi karibu na stendi ya Dodoma.

Mwaka jana nilimpiga picha binti wa Mzee Mrisho siku yake ya hina. Mambo ya uani unayajua: nywele zimefumuliwa zinapakwa mafuta, mabega yako wazi yanasuguliwa singo ya kulainisha ngozi, na mwanamume hakanyagi. Mimi naingia kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa naaminiwa. Swalihu aliposafisha mkanda ule akaipenda picha moja, akatoa nakala kubwa na kuitundika dirishani kwake ivutie wateja. Hakuniomba mimi, wala hakumwomba mwenye uso wake. Alidhani Kondoa ni mbali, mjinga yule, na basi la Kondoa linapakia mbele ya dirisha lile lile! Wa kwanza kuiona alikuwa mama mkwe wa binti.

Ndoa ilichungulia kaburi. Swalihu alipoulizwa, akajibu kwa macho makavu kwamba mimi ndiye niliyempa picha aitundike. Basi, nyua zote zikafungwa. Kwenye harusi kule kijijini Busi, kwa ndugu zetu wenyewe, nilisimamishwa nje na kamera yangu begani nikisikiliza vigelegele vya ndani. Nililia njia nzima ya kurudi. Nilipomaliza kulia nikaanza kuchukia, na nimechukia mwaka mzima bila kuona aibu.

Lakini Mungu si Athumani. Mwezi uliopita Swalihu naye akawa na harusi ya binti yake, Shamimu, na hina ikapangwa hapa Kondoa, kwa bibi yake mzaa mama. Yeye mwenyewe na mashine zake zote haruhusiwi kuingia uani. Mwanamke mwenye kamera mji huu ni mimi peke yangu. Mama Shamimu akaja nyumbani amejifunika gubigubi.

“Dada Sabiha,” akasema, “mimi najua nani aliitundika ile picha. Lakini ningesemaje, ni mume wangu.”

Fikiria, Shangazi! Alijua mwaka mzima na akanywa chai yake. Nikamwambia nitakuja.

Nilikwenda, na nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya. Kila nilipoinua kamera mitandio ilipanda vichwani, wananiogopa kama mwizi, nikameza. Nilimkalisha Shamimu karibu na mlango, mwanga wa alasiri ukamwingia kwa ubavu, maana hina ukiimulika kwa mbele inalala, lakini mwanga wa pembeni unatoa kila ua. Flashi sikumwelekezea usoni; nilitundika shuka jeupe nikaipiga flashi pale, mwanga ukarudi laini. Mtoto yule ana shingo nzuri, na alicheka kwa moyo. Nilipouzungusha mkanda hadi mwisho nilijua sijawahi kupiga picha nzuri namna ile.

Kesho yake nikapanda basi hadi Dodoma. Swalihu alikuwa barazani kwake, duka limejaa wanaosubiri basi la kurudi Kondoa. Aliponiona akafurahi kana kwamba hapajawahi kupita neno kati yetu. Akanyoosha mkono: “Lete, lete tumwone bibi harusi wetu!”

Jua lilikuwa la utosi. Nikatoa mkanda mfukoni, nikaikamata ncha ya utepe iliyochomoza, nikauvuta wote nje mbele ya macho yake.

Shangazi, ungemwona! Alijirusha chini, akaukusanya ule utepe kwa mikono, akaufunika kwa koti lake na kuulalia. Mtu ambaye kazi yake ni hiyo, anayejua kuliko sisi wote kwamba mwanga ukishaingia hautoki! Nilisimama nikamtazama mpaka macho yangu yakashiba.

“We mwanamke, mwanangu kakukosea nini?” akauliza akiwa chini pale pale.

“Na binti wa Mzee Mrisho alikukosea nini ulipomtundika dirishani?”

“Ile niliweka kwa ajili ya biashara! Nilijua Kondoa hawataiona!”

Mtenda akitendewa hujiona kaonewa. Bibi mmoja wa Kondoa akainuka na kikapu chake. “Kumbe ni wewe,” akasema, “na mtoto wa watu tumemnyima maji ya kunywa!” Basi likaondoka naye, na mimi niliposhuka Kondoa jioni habari ilikuwa imeshafika sokoni.

Tangu hapo akina mama wanakuja na sahani zilizofunikwa kunitaka radhi. Vyakula nimevipokea. Radhi bado naifikiria.

Sasa lililo kubwa. Ndani ya soksi niliyoifunga na barua hii kuna mkanda. Huo ndio wa Shamimu, salama kabisa. Niliouvuta juani ulikuwa mkanda mkuukuu ulioharibiwa na vumbi. Sijamwambia mtu. Shamimu analia kwa mumewe, na hapo tu ndipo roho huniuma; baba yake analia pia, na hapo hainiumi hata kidogo.

Tafadhali mpe yule mama wa mtaani kwako anayesafisha picha za rangi, na usimame naye mpaka amalize. Negativu zikae kwako. Picha zote zifunge umtumie Shamimu mkononi mwake, asipewe mama yake wala baba yake. Mwandikie kwamba ni zake na uso ni wake. Swalihu akitaka kumwona mwanawe siku ile, amwombe ruhusa. Akikataliwa, ajue nasi tulikuwa na haki ya kukataa.

Nisalimie Mjomba Abdulnasiri, na Mustapha mwambie aandike walau mara moja. Baba anakusalimu sana. Mola akupe afya na akulindie wote wanaokula sahani moja nawe.

Mwanao akupendaye, ambaye bado hajasamehe,

Sabiha