Mama, Ile Kampuni Ilikuwa Yangu

Mama,

Nimekaa mezani tangu alasiri nikijaribu kuandika kama ulivyotufundisha: salamu kwanza, habari za nyumbani zifuate, na shida ije mwisho, msomaji akiwa ameshakaa vizuri. Salamu nimekupa leo asubuhi makaburini. Habari za nyumbani ni hizi.

Chumba chako cha Gitega kimepangishwa kwa mama mmoja muuza mboga, mtu wa taratibu, anafagia hadi kwa jirani. Cherehani amechukua Sauda. Dada yangu huyo hajui kushona hata kifungo, lakini amekiweka sebuleni na hataki mtu akiguse. Ile ngazi ya mawe uliyokuwa ukiilaani kila ukirudi sokoni imetengenezwa, sasa ina vyuma vya kushikilia. Ungefurahi, halafu ungesema wamechelewa. Mimi bado ni naibu mkurugenzi mkuu. Gari la ofisi bado linanifuata nyumbani Ndera kila asubuhi, na dereva akikutaja bado anasema mukecuru wetu, kama anamtaja bibi yake, kwa heshima ileile, kama vile upo na utamletea chai.

Shida sasa.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijainuliwa, nilisimama mlangoni kama mwanao mkubwa nikasema yale yanayosemwa. Kama kuna anayemdai marehemu mama yetu, aje kwangu. Kama kuna aliyekosewa naye, tunamwombea radhi. Wanaume uani wakaitikia kwamba wamesamehe, wanawake ndani wakaitikia hivyohivyo. Mama Zaituni, mwenzako wa ushirika wa kushona, alikuwa karibu na dirisha. Mikono yake ilikuwa bado na unyevu wa maji ya kukuosha, maana yeye ndiye aliyekuosha, Mama, na yeye ndiye aliyekata sanda yako, kwa mkasi wake mwenyewe. Nilimtazama nikisubiri. Midomo yake haikufunguka.

Siku ya hitima nilimfuata jikoni. Nilitaka kujionyesha mtoto mwema anayehangaikia haki za mamake. Nikamuuliza kwa upole kama kuna jambo. Aliendelea kupanga mandazi kwenye sinia, kisha akaniambia:

"Mwana wanjye, kumuosha ilikuwa haki yake, nimefanya. Radhi, bado. Iko kitu alitufanyia sisi. Lakini wewe hukujua, wewe uko na kazi ya serikali. Usijitie kwa hiyo maneno."

Akanipigapiga begani, akaniwekea mandazi mawili kwenye sahani. Na mimi nikayala. Nilisimama pale jikoni kwako, nikala mandazi ya mtu anayenionea huruma, huku nikijua vizuri ni kitu gani alichofanyiwa na ni nani aliyekifanya.

Unakumbuka siku ile niliyokukuta unakaanga sambusa, nikakuletea karatasi usaini? Ulifuta mikono kwenye kitenge ukauliza ni za nini. Nilikuwa nimeteuliwa juzijuzi. Nilitakiwa nitaje mali zangu zote na nijitoe kwenye biashara, maana mtu hawezi kukaa serikalini akiamua nani aiuzie serikali na huku yeye mwenyewe ni muuzaji. Nami nilikuwa na kampuni na yule mwenzangu wa Remera, ya kuagiza vitambaa na nguo kutoka nje. Nikajitoa. Yaani jina langu lilitoka, likaingia lako. Nilikuambia ni akiba yako ya uzeeni, imelala tu, hutaisikia. Uliniuliza kama unaweza kumwambia Zaituni. Nikasema afadhali usimwambie mtu, watu wana kijicho. Ulicheka ukasema Zaituni hana kijicho, ana mdomo tu. Halafu ukasaini, taratibu, kwa herufi zako kubwa za shule ya jioni, na karatasi ikabaki na doa la mafuta pembeni.

Sijui kama unaelewa jinsi nilivyokuwa hodari wa mambo haya. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wafanyakazi wapya habari ya mgongano wa maslahi. Tulikuwa tunakodi ukumbi wa hoteli, tunawapa chai na keki, nami nasimama na suti yangu nikiwaambia kwamba ukiona jambo la ndugu yako limeletwa mezani, inuka, toka nje, waache wengine waamue. Walikuwa wakiandika. Suti yenyewe ulinishonea wewe kwa ajili ya kiapo, na matundu ya vifungo alishona Mama Zaituni kwa sababu macho yako yalikuwa yameanza kukusumbua. Nilikuwa nakunja mkono kifuani, juu ya vifungo hivyo, nikisema neno uadilifu. Na nilikuwa nikiyaamini niliyoyasema.

Kisha ikaja zabuni ya mashuka na magauni ya wagonjwa. Ushirika wenu ukaamua kujaribu. Ulikuja kwangu Ndera Jumapili ile umevaa kama mtu aendaye harusini, ukala wali wako, ukanieleza kila kitu. Mlivyoshona gauni la mfano mkalifumua mara tatu kwa sababu Mama Zaituni hakupenda mshono wa bega. Mlivyokopa cherehani cha pili. Na mlivyokaa wote pamoja kupanga bei, mkaishusha, mkaishusha tena, mkaona hapa sasa hatuli hasara wala hatuli faida, tunaanza tu. Ukanitajia ile bei. Ulinitajia kwa furaha, ukiwa unanyonya mfupa, kwa sababu nilikuwa mwanao na ulidhani unaongea na mwanao.

Nilipompigia simu mwenzangu wa Remera nilijiambia kwamba tunazungumza mambo mengine. Tulizungumza mambo mengine. Bei niliitaja katikati. Kampuni ikaandika chini yake kidogo, na zabuni ilipofika mezani kwangu sikuinuka wala sikutoka nje. Nilisaini. Ulipokuja kuniambia kwamba mmeshindwa na kampuni fulani ya wakubwa, nilikupa pole. Nilikuambia mjaribu tena mwaka ujao.

Nguo zikaja zimeshashonwa kutoka nje. Wenzako, nilikuja kusikia baadaye, wakaenda ofisi ya usajili wa kampuni kuuliza iliyowashinda ni ya nani, na kijana wa dirishani, kwa nia njema kabisa, akawatajia mmiliki: jina lako, la baba yako na la babu yako. Fikiria, Mama. Wewe uliyekaa nao kupanga bei. Wangedhani nini? Waliona ulikuwa ukila nao mchana na jioni unawauza. Hawakukuuliza. Waliona haya kukuuliza, na hasira pia ilikuwepo. Wakahamisha vyerehani kwenye chumba kingine, wakaacha kukuita.

Na wewe ukadhani ni macho. Ulisema hivyo, umekaa peke yako pale kibarazani: "Nashona kombo, Yusufu. Wamenionea haya kuniambia." Nikakupeleka kwa daktari wa macho. Nilikununulia miwani ya bei ghali, fremu ya dhahabu, na Gitega nzima ikasema mtoto wa Hadija anamjali mamake. Ulikuwa ukiivaa unatoa uzi na sindano, unashona mstari ulionyooka, kisha unamwonyesha kila anayepita ili habari imfikie Zaituni kwamba sasa unaona vizuri. Nilijua sababu, Mama. Nilijitia hamnazo, lakini nilijua.

Ulipofariki, kampuni ikabaki kwa jina la marehemu. Wiki iliyopita mwenzangu wa Remera akanipigia, sauti ya mtu anayezungumzia tairi lililopasuka, akasema nitafute jina jingine, kuna zabuni nyingine inakuja na mambo yasikae wazi hivi. Nikafikiri nani. Mke wangu asingefaa, kila mtu anamjua. Nikampigia Sauda nikamwambia kuna karatasi za mirathi nataka tuzimalize.

Akaja na mwanawe mgongoni. Hakuketi hata. Akachukua kalamu, akauliza asaini wapi, nami nikamuuliza kama hataki kwanza kujua ni nini. Akasema, "Wewe kaka ukisema nisaini, mimi nasaini. Mama alikuamini, mimi ni nani?" Huku anamtikisatikisa mtoto asilie.

Nikazichukua zile karatasi kutoka mkononi mwake. Nikamwambia zina makosa, nitazirekebisha. Hata hapo nilidanganya. Alipoondoka nilikaa kitandani nikalia kwa namna ambayo sikulia siku ya kukuzika. Siku ile nililia kama watu wanavyolia wakiwa wanatazamwa.

Jana nikaenda kwenye chumba cha ushirika. Nilimwacha dereva nyumbani, nikachukua moto, pikipiki tu ya abiria, hadi barabarani na kushuka ngazi kwa miguu. Walikuwa wanne, wanashona sare za shule ya mtaani. Mama Zaituni alinikaribisha vizuri, akamwambia mmoja aniachie kiti. Sikukaa. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kuanzia sambusa hadi simu ya Remera, na sikutumia lile neno la kwenye semina. Vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Nilitegemea matusi. Nadhani niliyatamani.

Mama Zaituni aliuliza jambo moja tu, kama ulijua. Nikasema hukujua hata jina la kampuni. Akauliza ulikuwa ukidhani wamekuacha kwa nini. Nikasema macho.

Alijifunika uso kwa mtandio. Wenzake hawakumgusa, wala mimi sikusogea. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama anazungumza na kitambaa kilichokuwa mapajani:

"Sikukuu ile alinitumia sambusa. Nilirudisha sahani. Ilikuwa moto bado."

Hilo sikulijua, Mama. Hukuniambia. Nilikuwa nimeshahesabu madhara yangu yote, nikadhani nayajua: wewe, ushirika, ofisi. Kumbe na huyu naye nilimtwika mzigo. Alikunyima salamu, na sasa hana pa kwenda kuirudisha. Akaniambia niandike, au nikufikishie kwa njia yoyote ninayoijua, kwamba radhi yako unayo, yote, na kwamba yeye ndiye anayekuomba. Nimekufikishia.

Nilimuuliza, na mimi je. Ndiyo, niliuliza. Nilikuwa bado na uso wa kuuliza.

Akainua macho yakiwa makavu. "Wewe umesema kwa wanawake wa cherehani. Nani atatusikia sisi? Nenda sema kwa wale wanakupigia saluti. Kisha urudi, tutaona."

Akakanyaga cherehani. Wenzake nao wakakanyaga. Nilitoka hakuna aliyenisindikiza hata mlangoni, jambo ambalo kwa Gitega unajua lina maana gani.

Kwa hiyo Jumatatu naenda. Nimeomba kuonana na mkurugenzi mkuu, na ile ofisi tunayoipelekea matamko ya mali nayo nitaipelekea tamko la kweli. Mwenzangu wa Remera nilimwambia, na amenipigia mara nyingi tangu jana, kwanza akicheka, halafu akinikumbusha watoto wangu wanasoma wapi na nyumba ya Ndera ina mkopo gani. Anasema kweli. Naogopa, Mama. Naogopa gari lisipokuja asubuhi na majirani wakaanza kuuliza. Naogopa watoto wasome jina langu kwenye simu za wenzao. Huenda nikashtakiwa, na siwezi kusema nitaonewa. Usiku naanza kutunga barua nyingine kichwani, ya kujiuzulu kwa sababu za kiafya, barua safi isiyotaja mtu. Kisha nakumbuka kwamba barua hiyo ingekuacha wewe palepale, mmiliki wa kampuni, mwanamke aliyewauza wenzake, na mimi nikiwa mgonjwa wa kuhurumiwa. Mandazi mengine.

Nitasema kwamba mmiliki nilikuwa mimi. Nitasema bei niliipata wapi. Hilo nakuahidi, na safari hii huna haja ya kusaini chochote.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumaliza kwa kukuomba radhi. Leo sitakuomba. Nakujua. Ungenipa kabla sijafika mwisho wa sentensi, ungeniuliza kama nimekula, nami ningetoka kwako mwepesi kama nilivyotoka siku ile na karatasi zangu. Nitakuja kuomba nikishasema. Ikiwa Mama Zaituni atakubali kufuatana nami, tutakuja wawili. Asipokubali, nitakuja peke yangu na nitaelewa.

Kwaheri kwa sasa, Mama.

Mwanao,
Yusufu