Sura ya Kazadi ku Kibambazi

Siku ya kwanza ya juma, 6 Juni
Toka asubui nachora ku kibambazi, ukuta ya bar. Mamba-muntu, mwanamuke nusu samaki, inakaribia kwisha: nywele murefu, saa ku mukono, nyoka ku shingo. Mwenye bar anasema macho yake inamufukuzia baclients. Nitaona.
Karani wa biro ya cité, ya mutaa yetu, akanifuata pale pale. Batu balichora na makala ya moto ku kibambazi ya biro. Anataka nipake chokaa. Nikaenda. Sura ya kijana na kofia ya mugodi. Nikamujua mara moja: Kazadi, fundi wa makamyo ku mugodi. Basoda balimukamata mbele ya mvua kuisha, saa alikuwa anatoka ku kazi. Toka ile siku hakuna mutu anajua kwenye iko.
Nikapaka. Najichukia.

Siku ya pili, 7 Juni
Imerudia. Kubwa kuliko ya jana. Nimepaka tena, mara mbili. Makala inaonekana chini ya chokaa, sawa mutu mu ukungu.

Siku ya ine, 9 Juni
Sasa si Kazadi tu. Ku kibambazi ya gare ya train, mwanaume na ndevu. Ku soko, mwanamuke na mutoto ku mugongo. Mikono mbalimbali, ingine ya mutu mwenye hajui kuchora hata mbuzi. Batu banapita polepole, banaangalia. Kila mutu iko na wake mwenye alipotea.
Karani ameniletea mufuko muzima ya chokaa. Naogopa.

Siku ya tano, 10 Juni
Nimemuona. Mama Kazadi mwenyewe, jirani yangu, mwenye kuuza mihogo ya kuchoma. Jua lilikuwa limeisha kutoka. Alikuwa anachora tu vile, mbele ya batu. Hakukimbia.
“Mama, batakuua.”
“Tata Ilunga, weye fanya kazi yako. Mi nafanya yangu.”
“Kazi gani hii?”
“Balisema habamujui. Biro yote. Jina yake haiko popote, sawa sikumuzaa. Basi bamuangalie.”
Akapangusa mikono ku kikwembe ya kiuno, akaenda. Nikabaki na ndoo. Sikupaka mpaka karani alikuja kunilalamikia.

Siku ya posho, ya sita, 11 Juni
Mukubwa wa karani alikuja ku bar, koti ya abacost nyeusi, viatu bya kuangara. “Citoyen, bafundi ya kuchora mu hii cité ni wachache. Leta jina.” Nikasema ni batu ya Tenke, banakuja na train, banarudi na train. Akanipiga kofi. Batu bakaangalia ndani ya bilauri zabo. Sikusema jina.
Ku nyumba, bibi yangu, mama ya batoto, akaniwekea maji ya baridi ku shavu.

Siku ya Mungu, 12 Juni
Bamemukamata Mama Kazadi saa ya kutoka misa. Basoda balishika mikono yake, bakaigeuza. Makala mu kucha. Akabaambia: “Nachoma mihogo kila siku. Nitakuwa na mikono gani?” Bakamusukuma mu jeep. Batu tulikuwa mingi. Tulisimama tu.

Siku ya tano, 17 Juni
Bibambazi yote nyeupe. Hakuna mwenye anachora tena. Karani amenishukuru. Harufu ya chokaa haitoki mu pua, hata ku chakula.

Siku ya kwanza, 20 Juni
Bamemurudisha Mama Kazadi. Balimuacha ku njia kubwa, akatembea peke yake. Balimupiga ku bidole na kitako ya bunduki. Hawezi kushika hata kijiko. Bibi yangu anamulisha bukari ya unga kidogo kidogo.

Siku ya tatu, 22 Juni
Sikuenda ku bar. Nilichukua makopo ya rangi na pinso ya kuchorea, nikaenda kwa Mama Kazadi. Nikauliza kama naweza kumuchora Kazadi. Akaonyesha na kidevu kibambazi ya chumba, pembeni ya kitanda.
Rangi ya kweli, ya mafuta. Shati ya siku ya sikukuu, ile ya njano. Shingo. Kisha uso. Mama alikaa ku kiti kidogo, mikono ku magoti. Bibi yangu alikuwa anapika inje.
Jua lilifika ku mulango.
“Masikio,” akasema. “Ilikuwa kubwa. Sawa ya babake.”
Nikachovya pinso, nikaanza na ya kushoto.