Kaza, Lakini Usinyonge

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpelekee Mama, umwambie sweta nimeipokea na imenikaa vizuri. Goti linaendeleaje? Kaka ananiambia siku hizi unapanda ngazi za nyumba yake bila kushika ukuta, tena unamsindikiza mjukuu wako mpaka getini. Nimefurahi sana. Sisi huku hatujambo. Mimi mzima, mdogo wangu mzima, karakana nzima, hata kile kiti chako chenye mguu mmoja mfupi bado kipo, na hakuna anayethubutu kukikalia.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Baba, wewe kwenye simu hukai. Nikianza kueleza unanikatiza, unasema umeelewa, unaaga. Na jumbe za sauti ndiyo usiseme: zako unazituma kwa fujo, zangu husikilizi, eti huwezi kumsikiliza mtu usiyeweza kumjibu papo hapo. Barua haikatizwi. Tafadhali isome mpaka mwisho, halafu ndiyo ugombe.

Ulipohamia kwa Kaka ulisema mwaka ukiisha na wateja hawajarudi, nimkabidhi ufunguo muuza matairi wa jirani, anayetaka chumba chetu kiwe stoo yake. Nilikuitikia, lakini moyoni nilikataa katakata. Makochi ndiyo kazi niliyolelewa nayo. Nikifunga karakana sijui nitajiitaje. Mdogo wangu, ambaye saluni yake haikosi watu, akaniambia shida yangu si mkono, shida ni kwamba hakuna anayejua kama nipo. Akanifungulia ukurasa mtandaoni, akanipa simu, akanitakia kila la heri.

Mwanzoni niliboronga. Niliazima koti, nikasimama mbele ya kochi jipya nikatangaza kama msoma habari kwamba tunajivunia kuwahudumia wateja wetu kwa weledi wa hali ya juu. Mdogo wangu aliitazama video hiyo akaniuliza nimefiwa na nani. Kisha, ukurasa usionekane mtupu, nikabandika picha ya kochi jeupe la watu wengine nililoliona huko huko mtandaoni. Wiki haikuisha akaja mwalimu mmoja, mama wa makamo, akitaka kochi lile lile jeupe. Nikajiumauma wee, mwisho nikasema ukweli. Alicheka, lakini aliondoka.

Siku hiyo mdogo wangu alinikalisha chini. Akasema mtu haleti kochi lake kwa picha nzuri, analeta kwa mtu anayemwamini, sasa mimi nimejificha nyuma ya koti la kuazima na kochi la wizi, nani aniamini? Akataka nionyeshe kazi ninayoifanya mimi, niongee ninavyoongea kila siku, nisipotee wiki nzima, na nimjibu kila anayeuliza, hata yule wa kuuliza bei na kutoweka.

Basi nikaanza kupasua makochi mbele ya simu. Unajua mwenyewe yanayotoka humo: vitana, vijiko, hereni mojamoja. Safari moja nilitoa meno ya bandia ya babu mmoja, ambayo familia yake ilikuwa imemsingizia mbwa kuwa ameyala. Watu walianza kufuatilia. Hata mwalimu akarudi, safari hii na kochi lake mwenyewe, akasema sasa ananifahamu.

Sasa Baba, kaa vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Nilikuwa nalishughulikia kochi hilo la mwalimu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la gundi, narusha moja kwa moja. Kona ilinishinda, kitambaa kinajikunja kila nikivuta. Nilikuwa nimekuuliza asubuhi kupitia kwa Kaka, na jibu lako likaingia kwenye simu ya mdogo wangu, maana yangu unadai haipokei. Mikono yangu imejaa gundi, nikampigia kelele aifungulie sauti, nikasahau kabisa kwamba watu wanatutazama. Ukasikika karakana nzima ukisema kitambaa hakivutwi kwa hasira. Kaza, lakini usinyonge. Nikafanya hivyo, na kona ikatulia.

Watazamaji walicheka, wakauliza huyo mzee ni nani na atarudi lini. Tangu hapo kila wiki nawawekea maelekezo yako huku nafanya kazi. Wamekubatiza Mzee Kaza. Fundi baiskeli wa hapa mtaani anawaambia wateja wake wakaze wasinyonge, na kuna bwana mmoja aliandika kwamba ushauri wako umemsaidia sana na mkewe. Sikumuuliza zaidi. Najua sikukuomba ruhusa, na kwa hilo niwie radhi.

Lakini hilo si lote. Baba, wewe hujui kuzima. Unadhani umemaliza, kumbe simu inaendelea kurekodi. Siku ile ile ya kona, baada ya maelekezo yako, Mama alisikika akikuuliza kwa nini humwambii mtoto kwamba anaweza. Nawe ukamjibu: "Yule ana mkono kunishinda mimi. Ila simwambii, atavimba kichwa." Kikombe kikagonga sahani, ujumbe ukaisha.

Nilibaki na nyundo mkononi. Mdogo wangu akageukia ukutani. Nililia mbele za watu, Baba, na kwa gundi ile hata machozi sikuweza kuyafuta. Tangu uliponifundisha kushika nyundo nimekuwa nikilisubiri neno hilo, nikaja kulisikia pamoja na umati nisioujua. Sikuona aibu hata kidogo. Nilifurahi sana, hata mwalimu alipokuja kuchukua kochi lake alinikuta bado nacheka peke yangu.

Sasa makochi yamepanga foleni hadi mlangoni. Muuza matairi mwenyewe ameleta la mama yake, akasema stoo ameshapata kwingine. Kwa hiyo ufunguo sitoi. Mchoraji wa mabango aliniuliza aandike nini juu ya mlango. Kama ujuavyo, la zamani lilisema Fundi Makochi na Wanawe, ingawa Kaka hajawahi kushika hata sindano. Jipya linasema Mzee Kaza na Binti. Goti likikuruhusu, njoo ulione. Kiti chako kinakungoja, na mguu wake sikuurefusha.

Msalimie Kaka, wifi na mjukuu wako. Jumbe endelea kutuma, watu wanazisubiri. Nakuomba kitu kimoja tu: Kaka asikufundishe kuzima.

Ni mimi binti yako,
mwenye kichwa kilichovimba, ila kidogo tu.