Umezima, au Umetoa?

Kikatiti

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imefika. Huku hatujambo, ila bibi yako anaumwa mgongo na bado hakubali kuacha kuchuma kahawa.

Unauliza kwa nini msimamizi wenu gereji, mkishazima kompresa, anawalazimisha kubonyeza triga ya mashine ya kufungulia nati mpaka inyamaze. Unasema anawapotezea muda.

Nilipokuwa na umri wako nilifungua magurudumu ya malori kwenye gereji moja Kaloleni. Siku moja fundi aliyenifundisha kazi alitaka kubadilisha soketi, kile kikombe kinachoshika nati, kwenye mashine niliyoishika. Akaniuliza, "Umezima?" Nikamjibu, "Nimezima." Na kweli kompresa ilikuwa imezimwa. Akaishika soketi aichomoe, kidole changu kikiwa bado kwenye triga. Nikaibonyeza bila kukusudia, mashine ikazunguka na mkono wake. Upepo ulikuwa umebaki kwenye mpira unaotoka kwenye kompresa.

Ya hospitali tuyaache. Aliporudi kazini hakunigombeza. Ila hakuniuliza tena kama nimezima. Aliniuliza, "Umetoa?" na hakunyoosha mkono mpaka asikie upepo wa mwisho ukiisha.

Miaka mingi baadaye tulikuwa tukikutana kanisani. Alinisalimia kwa mkono uleule wa kulia, vidole viwili havikunjiki, na mimi niliupokea kwa mikono yangu yote miwili.

Babu yako