Mito Mitatu ya Mama

Riyadh, Jumatatu

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, na kifua chako kimetulia. Mimi sijambo, ila nina kijicho, na leo nitakueleza bila kuficha. Kwanza, barua hii ameileta Hamad, mtoto wa jirani yetu Bi Rukia, ninayesoma naye udaktari huku. Asikusomee yeye. Mpe chai na mahamri aende zake, kisha mngoje dada Zuhura arudi kutoka kazini akusomee.

Riyadh haikaliki kwa ujenzi. Mafuta yameleta pesa na pesa zimeleta saruji, hata wali wa bwenini una vumbi. Chuo nacho kimepata mwalimu mpya, naye kaanzisha Jumuiya ya Heshima. Kila mwaka huingia wanafunzi wawili tu wa mwaka wa mwisho. Huvalishwa beji ya fedha kwenye koti jeupe, huwafundisha wadogo zao wodini, na hao ndio wa kwanza kuchagua hospitali ya kufanyia kazi. Mama, beji hiyo niliitaka mpaka nikaiota. Katika mtihani nilikuwa wa kwanza, Hamad wa sita.

Kumbe alama zinakufikisha mlangoni tu. Wanaokuingiza ni wenzako, kwa kura. Kila mmoja hupewa karatasi yenye swali moja: mamako akiugua, ungemkabidhi nani katika darasa hili? Jina lako mwenyewe huruhusiwi kuliandika.

Jibu nililijua. Wiki ile ile tulisimama wodini mbele ya mzee mmoja wa Kiyemeni. Mimi nikamtajia mwalimu magonjwa saba ya kifua, moja baada ya jingine, bila kukwama. Hamad akainama kwa mgonjwa.

"Baba, unalalia mito mingapi?"

"Mitatu, mwanangu. Nikilala chini pumzi inakata."

Hamad akafunua shuka, akambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka. Mwalimu akasema, "Halas, huyu keshaona. Yalla, kitanda kingine." Nikatamani ardhi ipasuke immeze Hamad.

Basi nilipopewa karatasi niliandika Idris, Msudani anayesinzia kila somo. Kura zikasomwa kwa sauti: Hamad, Hamad, Hamad, mpaka masikio yakaniuma. Ilipofika ya Idris darasa likaangua kicheko, na Idris mwenyewe akauliza, "Nani huyo anayemchukia mamake?" Nilicheka nao. Mama, nilicheka.

Beji wakavaa Hamad na Mmisri mmoja. Tangu siku hiyo nimemnunia. Akipika, nasema nimeshiba. Akipiga pasi lile koti, natoka chumbani. Ile leso yako ya "Hasidi hana sababu" nilidhani inawasema majirani.

Kisha juzi ikaja barua yako. Umesema paa limezibwa na Zuhura amepandishwa cheo, nikafurahi. Chini kabisa ukasema siku hizi unalalia mito mitatu, na viatu vya Idi havikuingii, ndio uzee huo. Mama, huo si uzee. Nilikaa kitandani na barua mkononi, na lile swali la karatasi likanirudia, safari hii likikuhusu wewe. Sikufikiri hata dakika moja.

Hamad alikuwa akifunga sanduku lake la likizo. Atalala Jeddah kwa ami Salim, kule Ruwais, kisha apande ndege. Ningeweza kumwambia pale pale, tulikuwa wawili tu chumbani. Mdomo ulikataa. Nilimpa barua hii na udi niliokununulia soko la Dirah, nikamwambia safari njema.

Nisalimie mjomba mwadhini, shangazi mshona kofia, na nyanya wa ghorofani, mwambie bado namwogopa.

Na wewe Zuhura unayesoma, ukifika hapa weka barua chini, uende kwa Bi Rukia ukamwite Hamad. Aje na chombo chake cha kusikilizia moyo, ampime mama, na ampeleke hospitali yeye mwenyewe, asingoje kesho. Akiuliza kwa nini mimi sikumwambia, msomee yote tangu juu. La Idris usiliruke.

Mwanao mwenye kijicho,
Abdalla