Ombi la Kuwaondoa Wageni wa Shume

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako imepokelewa kwa taadhima; marahaba. Bibi yako ni mzima, na ng'ombe amezaa.

Umeuliza iwapo wanaodai ninyi wageni mfukuzwe kazini huko ughaibuni wana roho mbaya. Nakiri kwamba ujanani, tukikata magogo katika msitu wa Shume, mimi nikiwa karani, niliandika ombi rasmi vibarua wageni waondolewe, kwa kuwa hawaamkii wakubwa. Nililisoma hadharani kwa ufasaha mkubwa. Wageni wenyewe wakatangulia kutia dole gumba.

"Mmelielewa?" nikauliza.

"Hapana, shikamoo karani," akajibu mmoja wao. "Ila limesomwa vizuri mno! Hayo mabuti unayotuombea yatakuja lini?"

Nikalichana, nikaandika ombi la mabuti. Hata sisi wenyeji tulikuwa peku.

Ni mimi babu yako, kwa mkono wangu mwenyewe.