Wasaidizi Wetu Wamekubaliana Kuahirisha

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimekwama na aibu hainiruhusu kumwambia mtu. Mimi ni fundi wa programu, natengeneza wasaidizi wa kwenye simu, zile programu zinazoandikiana zenyewe na kupanga ratiba kwa niaba ya watu, basi nikatengeneza mmoja wangu na mmoja wa dada yangu wapange wao nani ampeleke mama kliniki ya macho, nikawaandikia ni ruhusa kukubali na ni ruhusa kuomba siku nyingine, lakini kipi ni bora sikuandika, wakati kazini naandika kila siku, hata kwa vifurushi vya wateja naandika kwamba kufikisha leo ni bora kuliko kesho. Kumbe wangu akiona nina kikao anaomba siku nyingine, na wa dada vivyo hivyo, kwa adabu zote, samahani, asante, hakuna aliyevunja kanuni, na mama ameshavaa viatu, amekaa karibu na mlango anasubiri. Tarehe baada ya tarehe zimepita hivyo, na jicho la kushoto limepofuka, mshauri. La kulia daktari anasema bado laweza kuokolewa akihudhuria, ila mama hataki tena, anasema, "Dada yako kanichoka," kwa sababu yeye hupata ujumbe wa mwisho tu, nao ulikuwa "dada ameomba siku nyingine", na mimi nimenyamaza, na dada akipiga simu, mama hapokei. Nikirekebisha kanuni, si yataisha bila kufukua haya?

Fundi

Fundi, pole. Pole sana, ya mama imeniuma hata mimi. Sasa nisikilize. Unaniuliza habari za kanuni? Hebu acha mzaha! Kifurushi cha mtu usiyemjua ulikitafutia lililo bora, mama ukamwachia ruhusa tu. Hukusahau, mwanangu. Kuahirisha kulikufaa, na programu ikakufanyia ulichoona haya kukifanya mwenyewe. Dada yako naye ana lake, lakini lawama hii yote umembebesha wewe kwa kunyamaza.

Rekebisha, ndiyo. Andika kwamba kwenda ni bora kuliko kuahirisha, na wote wawili wakikosa nafasi, simu zenu ziite hadi mmoja apokee. Hiyo ni baadaye. Leo mpigie dada mwenyewe, mwende wote kwa mama, useme mbele yao, "Mama, ni mimi." Atakasirika. Kaa hapo hapo, na simu uizime. Siku ya kliniki ikifika, viatu vyake viko pale mlangoni. Piga magoti umfunge kamba, maana mwenyewe hazioni tena vizuri.